Theluji ya Kariandusi

Kila Krismasi runinga ikirudia ile filamu ya familia iliyozingirwa na theluji, majirani hucheka mpaka machozi. Wangechi wa Kariandusi hutabasamu tu, maana ilipigwa huku kwao, naye anajua ya ndani. Yule bata mzinga mezani? Kibuyu, kimepakwa masizi na mafuta ya kupikia. Watoto wanaotetemeka ndani ya makoti? Jasho lilikuwa likiwatiririka, jua la Januari halina huruma. Na kuna siku wapiga filamu walirudia kipande kimoja mara tatu kwa sababu heroe wa Ziwa Elmenteita walikuwa wanapita juu, ati kwenye nchi za theluji hakuna ndege kama hao. Theluji yenyewe aliichekecha Wangechi.

Haya, cheka! Ulikuwa udongo mweupe wa machimboni, mwepesi kama unga. Wangechi, mimba ya miezi mitano, alikaa kwenye dirisha la juu la nyumba moja ya zamani ya mlowezi huko Gilgil, akatikisa chekecheo polepole. Udongo ukashuka kimya, ukatanda juu ya nyasi na ua wa miti ya kayaba, hadi kuku wakawa wanatembea kama wanaota. Kwa muda hakujua yuko nchi gani, na wala hakutaka kujua.

Chini pale, mwigizaji aliyekuwa baba wa nyumba akakataa katakata kuteleza na kuanguka kama hadithi ilivyotaka. Mgongo, akasema. Basi wakamvika koti lake jekundu Muturi, mume wa Wangechi, mchimbaji wa kimo kilekile. Muturi akatoka mlangoni, kamera ikiwa nyuma yake, akateleza, miguu juu, chali! Akabaki amelala pale akicheka. Kicheko hicho hakikuwa kimeandikwa popote, lakini walikipenda, wakakiacha.

Miezi miwili baadaye malaria ikamchukua. Iliyobaki ni picha moja ya kitambulisho, uso umekunjwa kama wa askari wa zamu. Shiru, bintiye, alizaliwa akamkuta hapo ndani ya fremu, na hajawahi kumwita baba. "Mum, bwanako alikuwa mrefu?" ndivyo alivyouliza tangu utotoni. Neno hilo lilimchoma Wangechi miaka ishirini na minne. Lakini utamlazimishaje mtoto? Alimsimulia habari ya filamu, ila runinga kila mara ilikata pale pale Muturi anapoanguka, ikaleta matangazo ya sabuni. Shiru akaamua moyoni kwamba ni hadithi ya kumliwaza mjane.

Mwaka huu Shiru alikuja kutoka Nakuru mjini akiwa na filamu nzima kwenye simu. Mchana wa Krismasi wakaketi kivulini nje ya jikoni, vichwa vimegusana.

"Hapo! Ndiye huyo!" Wangechi akaruka.

Koti jekundu likateleza, likaanguka. Shiru akakunja midomo. "Lakini Mum, ni mgongo tu. Hata uso hauonekani."

Wangechi akaisogeza simu karibu. Huu mgongo ndio wote aliokuwa nao wa kumpa mtoto wake. "Ngoja basi," akasema kwa unyonge. "Sikiza."

Kicheko kikatoka. Kikakwama kwanza, kikapanda juu kama mtu anayekwea ngazi, kikaishia kwenye kikohozi kidogo. Shiru akainua kichwa. Kicheko hicho alikijua. Kilimfanya afukuzwe darasani mara ngapi! Na hakuwahi kujua alikitoa wapi, kwa kuwa mamake hucheka bila sauti.

Akairudisha filamu nyuma, akasikiliza tena. Na tena.

Chini ya filamu, kwenye maoni ya mtandaoni, watu walikuwa wamemsifu yule mwigizaji: jamaa anajua kuanguka! Shiru akafuta macho, akaanza kuandika. Wangechi akachungulia begani pake, akasoma herufi moja baada ya nyingine: Anayeanguka hapo si yeye. Ni babangu, Muturi.

"Sioni vizuri, sina miwani," Wangechi akadanganya. "Hebu nisomee."

Shiru akamsomea.

"Tena," akasema mamake.