Nimechekesha kwa Kiingereza, nikaambiwa pole

Leo nimesimama mbele ya darasa kuchekesha, na darasa zima limenionea huruma.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema Waingereza hupenda kujicheka wenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu ajicheke kwa Kiingereza, na atakayechekesha ataingia kwenye igizo la shule.

Hilo igizo nalitaka sana. Ila mnajua aibu yangu.

Nikasema, kwa Kiingereza: "Mimi ni mkimya mno. Hata kuku wa nyumbani wanadhani mimi ni mgeni."

Wenzangu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Halafu nyuma huko: "Pole, mwaya."

Zuhura, ninayekaa naye dawati moja, akasimama kabisa. "Jamani, nani anamsema hivyo mwenzetu?"

Mwalimu peke yake alikuwa kainamia meza, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipopata pumzi akasema, "Umepita. Wewe ndiye Mwingereza wetu."

Nimepata!

Mapumziko Zuhura kanikatia nusu ya muhogo wake, kanishika bega. "Unaona? Hata mwalimu kakuonea huruma."

Nimweleze, au nimalize muhogo kwanza?