Bomba la Kujifunga

Pale Nachingwea hakuna aliyemshinda bibi Dorotea kwa ubishi. Fundi Silvanus alipomwekea kwenye simtanki, tangi lake la maji, bomba la kubonyeza, lile linalojifunga lenyewe ukiliachia, bibi alikuja juu.

"Mwanangu, bomba gani hili lenye choyo? Nibonyeze mpaka ndoo ijae? Kidole changu pampu?"

"Bibi, maji ya simtanki lako yatadumu."

Yatadumu! Alingoja fundi aondoke, akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akalibonyeza bomba na kulizungushia huo mpira likabaki wazi, akatega ndoo chini yake. Ndivyo alivyozoea: bomba unaliacha wazi, maji yakija utayasikia.

Wiki ile maji ya mgao yalikuwa hayajatoka na simtanki lilikuwa tupu. Jumamosi mjukuu wake, Bertila, alikuwa anatoka unyagoni, na angeogeshwa hapo hapo kwa bibi, mbele ya wageni. Kwa Dorotea, kuomba maji kwa jirani siku kama hiyo ilikuwa aibu ya kufa nayo.

Ijumaa akaenda Ruangwa kununua kanga za mwali. Bado anapatana bei, simu ikalia. Alikuwa jirani yake, Yasmini.

"Bibi, maji yalitoka tangu saa tatu! Sasa yamekatika, na wiki hii ndiyo basi tena."

Mama wee! Mpira! Bibi alikaa chini palepale dukani.

"Nimemwaga maji ya mwali kwa mkono wangu mwenyewe," alisema, na machozi yakamtoka. 

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja bombani. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Pembeni udongo ulikuwa umelowa, lakini padogo tu, upana wa sinia. Na mpira huo hapo chini, umekatika! Ulikuwa umechakaa kwa jua, ukashindwa, bomba likajifunga. Bibi akagonga simtanki. Limejaa. Akagonga juu zaidi. Limejaa! Akacheka huku analia, amelikumbatia tangi.

Jumamosi mwali aliogeshwa, wageni wakala, wakanywa. Mgeni mmoja kutoka Chunyu akachoka kubonyeza, akatoa kitambaa alizungushie bomba libaki wazi.

"We! Rudisha kitambaa chako," bibi alifoka. "Hilo bomba lina akili kutushinda mimi na wewe."

Kisha akalibonyeza mwenyewe, kidole kinamuuma, mpaka ndoo ya mgeni ikajaa.