Namba ya Vumilia

Mpiga kinanda wa kanisa la Alby hawezi kuona namba akaiacha nzima. Hata ya wimbo ataigawanya kwanza, vidole vikigongagonga gotini, na ikigawanyika anaguna kama mtu aliyeangushwa na rafiki. Basi Vumilia, aliyempenda kimyakimya, alimpa namba yake ya simu siku ya Pasaka, akangoja. Wapi! Miezi ikapita, majani yameshapukutika kwa baridi, ndipo jamaa akaja kukaa karibu naye kwenye treni, macho chini.

“Dada Vumilia, namba yako nimeihangaikia sana. Haigawanyiki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Sijawahi kupewa namba nzuri hivyo.”

Vumilia hakujua acheke au alie. “Na kuipiga je, kaka, umejaribu?”

Vidole vikatulia gotini, kisha vikazama mfukoni. Halafu, wamekaa bega kwa bega, simu ikalia mkobani mwa Vumilia. Aliiacha ilie kwanza, naye aonje kungoja.