Mama Aliyesahihishwa na Vijana

Juma lililopita, kwenye dirisha la matokeo la chuo kimoja hapa Dodoma, mama mmoja wa Kondoa alipokea karatasi yake kwa mikono miwili. Mwaka uliotangulia alifeli. Lau angefeli tena, angerudishwa nyumbani.

“Umefaulu yote, mama,” karani alisema. “Umefanyaje?”

“Niliona haya kuuliza darasani mbele ya watoto ninaoweza kuwazaa. Kisha nikakumbuka madrasa: hufunguliwi ukurasa mpya kabla ya kumsomea mwalimu ule wa jana. Basi nikawasomea wao somo la siku kila jioni, wanisahihishe.”

“Hakutupumzisha, mama huyu!” kijana mmoja alidakia kwenye foleni.

“Nyamaza, mwalimu wangu,” akamjibu.

Nimewaona watu wazima wengi wakiilinda heshima yao hata ikawanyima elimu. Huyu aliitua yake kila jioni, na asubuhi ile foleni nzima ilimwamkia shikamoo.