Kwenye Kitabu Aligawa Muhogo, Kwenye Sinema Anachoma Nyumba

Mhariri, naomba ufiche jina langu na la shule yangu. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, nasoma kwa mapadri hapa Kasongo. Mbele ya watu, bila karatasi mkononi, sauti yangu hukauka, ndiyo maana naandika. Hasira niliyo nayo haijanitoka tangu Jumapili.

Mwaka jana niliandika hadisi ya nyanya yangu katika daftari, misioni ikaichapa kuwa kitabu kidogo. Nyanya na mke mwenzake, Zaituni, hawakusemezana miaka mingi. Njaa ilipoingia, Zaituni alikata muhogo wake wa mwisho, akaleta nusu kwa watoto wa nyanya, akaiweka mlangoni bila neno. Ni hayo tu. Kimya kile nilikiandikia kurasa nne.

Padri mmoja mwenye kamera akakipenda kitabu, akakifanya sinema. Muhogo haumo! Mna ngoma, mna chui, na Zaituni anachoma nyumba ya nyanya. Nilipouliza, padri alicheka. "Mwanangu, muhogo mlangoni nani atautazama? Watu wanataka moto."

Sinema ile haina sauti. Msemaji ni mimi: nasimama kando ya shuka jeupe, nasoma karatasi ya padri. Jumapili niliisoma yote. Watu walipiga kelele za furaha, "Choma, mama! Choma!" Rafiki yangu akanigonga bega: "Eh, kumbe kwenu iko moto hivi!"

Nyanya alikaa mbele. Nyumbani akaniambia, "Ule mutu wa kuchoma nyumba ni nani? Zaituni alilisha baba yako. Na weye umemusema kwa kinywa yako, wote wakasikia."

Mwezi ujao tunaipeleka sinema Kabambare kwa lori. Zaituni yuko hai kule. Amekwisha kuambiwa kwamba yumo katika sinema, na wanasema anashonesha nguo mpya, akae mbele na wajukuu wake.

Nilimwambia padri nitausema muhogo. Akajibu, "Badili neno moja, kisha ufunge sanduku lako."

Nikisoma, namchoma mzee wa watu mbele ya wajukuu wake. Nikisema kweli, shule imekwisha, na sijui kama maneno yangu yatauzima moto unaowaka machoni pa watazamaji. Wasomaji wenzangu, nishaurini kabla lori halijaondoka: nisome karatasi, au niseme muhogo?