Vidonge Viwili Nilivyotwanga

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Tangu alfajiri mawingu yalijaa upande wa ziwa, tukadhani mvua, likaja vumbi tu.

Leo ilikuwa zamu ya kwangu. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na mimi karibu mwaka mzima sikuwa nimekanyaga kwa mtu. Kibofu changu hakinisubiri. Rozari moja natoka mara tatu, na siku moja sikufika chooni, nikasimama uani kwa watu na kanga imelowa. Hakuna aliyenicheka, lazima niseme hivyo. Nilipoona hawaji kuniulizia niliwalaumu, lakini sijui kama ni haki, maana aliyejificha ni mimi.

Mwezi huu kliniki moja ya Kalangalala walinipa vidonge. Kimoja kila asubuhi, umeze kizima, usivunje wala kusaga. Muuguzi alinieleza vizuri, tena mara mbili. Nilisikia. Ila nimetwanga mawe ya dhahabu machimboni Rwamgasa miaka kumi na moja, na huko jiwe zima halimpi mtu kitu, mpaka ulisage liwe unga. Kidonge kilikuwa kigumu, kinang'aa, nikaona dawa imefungiwa ndani. Nikakitwanga, nikakikoroga kwenye uji. Mchana kilinifaa, jioni kibofu kikarudia yake. Nikajiambia kimoja hakitoshi.

Basi leo, ili nikae na wenzangu mwanzo hadi mwisho, nilitwanga viwili.

Walikuja wanawake tisa. Fumbo la pili la rozari ulimi ukagandia mdomoni. Nikapewa kusoma somo, herufi zikacheza, moyo unakwenda mbio. Lakini sikutoka hata mara moja, nikafurahi, mjinga mimi. Walipofika kwenye litania tumbo limekaza. Nikaenda kuchuchumaa, wapi, hata tone.

Mwenyekiti wetu akanifuata, akagonga bati la choo. "Wee mama, yaani umetukimbia hata kwako mwenyewe?"

"Mkojo hautoki."

"Siku zote shida ni kutoka, leo ni kutotoka?" Alipoona sicheki akaita bodaboda, tukapanda wote wawili.

Kliniki waliniwekea mpira wa kutolea mkojo, nikapumua. Muuguzi ni yuleyule.

"Mayu, mama yangu, nilikwambiaje?"

"Nimeze kizima."

"Hicho kimetengenezwa kiyeyuke polepole kutwa nzima. Ukikisaga, dawa yote inakuingia kwa mpigo. Na wewe umesaga viwili! Ukiona hakitoshi njoo useme, usijiongezee. Sasa usimeze tena mpaka Jumatatu daktari akuone."

Hakunifokea. Kosa ni langu, na nimeliandika hapa lisije likageuka lake.

Tuliporudi wenzetu walikuwa wamemaliza sala, wamefagia, wamekunja mikeka, wameondoka. Mwenyekiti alinifikisha kizingitini.

"Jumamosi ijayo ni kwangu. Utakaa karibu na mlango, utoke unavyotaka."

"Na nikilowa?"

"Tutafua. Kwani sisi hatujazaa?"

Nikamwitikia, ila sijui kama nitakwenda. Nilitamani akae hata kidogo. Ana mume na wajukuu wanaomngoja, kwa hiyo sikumwomba, na huenda ningemwomba angekaa.

Jioni nimekula matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, na karanga. Nilikuwa nimechemsha vya watu kumi. Nimekula viwili, maji nikanywa mengi.