Dakika Tano za Mama Pindo

Fundi cherehani mmoja aliitwa Mama Pindo kwa sababu pindo zake zilinyooka kama zilizopigwa rula. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu baridi yabisi imwachishe kazi. Miaka yote hiyo aliishi kwa posho ya ugonjwa, na barua ya daktari wake ilitosha. Kisha sheria ikabadilishwa. Daktari aliyemjua akawekwa kando. Sasa kila mgonjwa wa kudumu alipaswa kukaa robo saa mbele ya afisa asiyemjua, athibitishe upya kwamba hajapona ugonjwa usiopona. Akishindwa, posho inakatwa.

Siku aliyoitwa, vidole viliamka na huruma. Ugonjwa huu huja na kuondoka kama mgeni mwenye ufunguo wake.

Afisa, kijana mwenye adabu, alipofungua fomu, Mama Pindo aliona kifungo cha mkono wa shati lake kikining'inia kwa uzi mmoja. Akajitahidi kutazama dirishani. Wapi!

"Mwanangu, kitadondoka hicho. Lete mkono."

"Usijisumbue, mama."

Sindano ilikwisha kuchomolewa kwenye ukosi wa gauni. Kwa dakika tano akawa fundi tena, akakata uzi kwa meno. Afisa alishukuru kwa dhati, kisha akaandika: *Vidole vinafanya kazi.*

Wifi yake, aliyekuwa akimsubiri nje, aliposimuliwa alishika kiuno.

"Wifi wewe! Umeingia kusema huwezi kushona, ukashona?"

"Kilikuwa kinaning'inia."

"Si ungekiacha kining'inie! Shati lina mshahara hilo!"

Wakacheka hadi nyumbani. Alasiri vidole vilivimba vikang'aa. Jioni wifi alimlisha kwa kijiko, na asubuhi akamvalisha gauni. Mama Pindo akasema, "Nirudishe kule."

Aliiweka mikono yake juu ya meza ya afisa.

"Jana ulitazama dakika tano. Yaliyofuata ndiyo haya."

Afisa aliitazama kwa muda. "Pole sana, mama. Lakini fomu inauliza kama unaweza. Haiulizi baadaye inakuwaje."

"Basi fomu ndiyo inayoumwa," wifi akadakia.

"Wifi, nyamaza. Mwanangu, sikulaumu, jana uliandika ulichokiona. Na leo andika unachokiona."

Nafasi ya kuandika hayo haikuwapo kwenye fomu, na waamuzi wa posho walikuwa ghorofa ya juu, watu ambao hawajapata kumtia machoni. Afisa aliutazama mlango, akaigeuza fomu, akaandika upande wa nyuma: tarehe, saa, vidole vyote kumi vimevimba, hawezi kushika kalamu. Akamsomea kwa sauti. Alipofika kwenye "hali hii imetokea baada ya kazi nyepesi," Mama Pindo alimkatiza.

"Futa hilo neno 'nyepesi'."

Akalifuta.